Amri ya Nane na Redio ya Asubuhi



Wapendwa wanaparokia, tulikuwa tumekusudia juma hili kuwaandikia juu ya maandalizi ya Kipaimara, na katekista ametukumbusha mara mbili. Itambidi atuvumilie. Kuna jambo lililokaa moyoni mwetu tangu Jumanne ya juma lililopita, nasi tumeona kwamba tukilinyamazia tutakuwa tumelishiriki.

Mnaijua asubuhi ya huku kwetu Bonde la Ufa. Saa kumi na mbili, kabla maziwa hayajafika kwenye kituo cha kukusanyia, redio zimekwisha kuwashwa: jikoni, dukani, ndani ya matatu, mfukoni mwa kijana wa bodaboda. Katika nyumba ya mapadri vilevile, tukiri mapema. Na kinachosikika karibu kila mahali ni kipindi kilekile cha siasa za kaunti, kwa lugha ya nyumbani, kinachoendelea hadi saa nne. Mtangazaji husoma vichwa vya habari vya magazeti, humkaribisha mwanasiasa mmoja au wawili studioni, kisha hufungua laini za simu. Hapo ndipo utamu unapoanza, na hapo ndipo dhambi inapoanza pia.

Jumanne hiyo mada ilikuwa basari za wadi. Ni mada njema. Fedha za umma sharti ziulizwe. Msikilizaji mmoja akapiga simu, asitaje jina lake, akasema kwamba basari za wadi yetu zimechukuliwa na "wageni", na kwamba mwalimu mkuu wa shule fulani ndiye aliyeipika orodha na kula fungu lake. Shule ilitajwa, na kwa hiyo mwalimu alitajwa. Mtangazaji hakuuliza ushahidi. Hakuuliza hata idadi. Alicheka, akasema kwamba hayo ni mazito, akaweka wimbo, kisha akaomba simu nyingine. Simu nne zilizofuata zote zilikuwa za kumzungumzia mwalimu huyo, na kila mpigaji aliongeza kijiti chake juu ya moto.

Mwalimu huyo ni muumini wetu. Ni mjane. Ameishi hapa zaidi ya miaka ishirini, na watoto wake wote walibatizwa katika kanisa hili. Wazazi wa marehemu mumewe walihamia huku kutoka kwingine, na hilo tu ndilo linalomfanya aitwe mgeni. Usiku wa siku hiyo mtu alirusha mawe juu ya paa lake. Alhamisi orodha ya basari ilibandikwa kwenye ofisi ya wadi. Tulikwenda kuisoma sisi wenyewe, jina kwa jina, na haikuwa kazi ngumu kwa kuwa wengi wao tuliwabatiza: walikuwamo watoto wa jamii zote zinazokaa huku. Orodha yenyewe iliandaliwa na kamati ambayo mwalimu hakuwa hata mjumbe wake. Kipindi cha Ijumaa hakikusema neno juu ya orodha hiyo. Kilikuwa kimekwisha kuhamia kwenye barabara.

Na yule msikilizaji asiye na jina? Tulimjua kwa sauti. Tusieleweke vibaya: hatukuisikia sauti hiyo kitubioni, tuliisikia redioni kama mlivyoisikia ninyi. Ni sauti inayotusomea somo la kwanza mara moja kila mwezi. Jumatatu hii alikuja ofisini kwa shughuli nyingine, nasi tukamwuliza. Ametukubalia tuyaandike haya bila kumtaja, na mwalimu pia ameridhia.

"Padri, mimi nilisema tu yale watu wanasema."

"Watu gani, mzee wetu?"

"Watu tu, Padri. Na redio ni ya wananchi."

Hapa ndipo tunapotaka kukaa, kwa sababu jibu la mzee wetu ndilo jibu la nchi nzima. Redio ni ya wananchi. Mwenye kuikosoa anawaziba wananchi midomo. Ni kweli?

Mawimbi ni mali ya umma, hilo ni kweli, na Mamlaka ya Mawasiliano huyagawa kwa leseni. Lakini kituo kina mwenyewe. Mwenyewe ana wafanyabiashara wanaomlipa kwa matangazo, na wafanyabiashara hupenda kipindi chenye wasikilizaji wengi, na wasikilizaji (yaani sisi) tunapenda kusikia jirani akivuliwa nguo. Simu inayoingia hewani haikuingia kwa bahati. Yupo mtu nje ya studio aliyeipokea, akauliza mpigaji ni nani na anataka kusema nini, akaichagua na kuacha nyingine. Upo pia mtambo wa kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, ambao vituo vingi duniani huutumia ili neno chafu lisitoke. Neno la matusi ya nguoni hukatwa upesi sana. Neno la kumfanya mjane apigwe mawe hupita. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba laini zilikuwa wazi na mambo yakajisema yenyewe. Mambo hayajisemi.

Na mwananchi ni nani katika habari hii? Mwalimu si mwananchi? Yeye hakupigiwa simu kuulizwa upande wake, ingawa kanuni za maadili zilizowekwa chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 zinamdai mwandishi awe mkweli, awe mwadilifu kwa pande zote, na asahihishe alipokosea. Sauti ya watu watano walioficha majina, iliyochujwa na mtu wa sita na kulipiwa na wa saba, imevikwa joho la wananchi wote. Sisi hatuikubali. Mtu asiyetaja jina lake anapomshtaki mwenye jina, hao si wananchi. Huo ni umbea wenye mnara.

Tuseme sasa lile ambalo wengine wenu mngependa tulifiche. Hatutaki redio hizi zifungwe. Tumepokea barua mbili za waumini wasomi, zenye maneno mazuri, zikitaka Kanisa liiombe serikali ipige marufuku vipindi vya siasa kwa lugha za mama. Wanasema lugha hizo ndizo zinazotugawa. Tunawapinga kwa nguvu zote.

Wenye umri wetu wanakumbuka redio ilipokuwa moja. Iliitwa Sauti ya Kenya, na tangu mwaka 1989 ikaitwa KBC, na taarifa yake ya habari ilianza kwa Mtukufu Rais alikuwa wapi na alisema nini, hata kama siku hiyo alikuwa amehudhuria tu sherehe za shule. Mwaka 1988 gazeti la Beyond, lililochapishwa na Baraza la Makanisa, lilipigwa marufuku baada ya kuandika juu ya uchaguzi wa kupanga mlolongo. Vituo vya binafsi vilianza kupata nafasi katika miaka ya 1990, na mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikikuyu. Baada yake zikaja za Kijaluo, Kikalenjin, Kikamba, Kiluhya na nyinginezo. Bibi ambaye hakuwahi kuketi darasani aliweza kwa mara ya kwanza kusikia bajeti ikielezwa kwa maneno aliyozaliwa nayo. Tangu kaunti 47 zilipoanza kazi mwaka 2013, ni nani mwingine anayemweleza mkulima wa kijijini kwamba bunge la kaunti limepitisha ushuru mpya sokoni? Magazeti ya Nairobi? Gavana anaogopa kipindi cha asubuhi kuliko anavyomwogopa mkaguzi, na hilo ni jema. Hatutaki kurudi kwenye redio moja.

Tena, hoja ya lugha ni ya uongo. Tazameni Rwanda. Redio ya RTLM ilianza kutangaza Julai 1993, na katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 iliwaita Watutsi mende na kusoma majina ya watu wa kusakwa. Ilitangaza kwa lugha gani? Kwa Kinyarwanda hasa, lugha moja ambayo Wahutu, Watutsi na Watwa wote huizungumza tangu utotoni. Hakukuwa na lugha ya kuwagawa. Chuki ilipita katika lugha iliyowaunganisha. Na hapa kwetu lile neno baya kuliko yote, "madoadoa", lililotumiwa kuwaita majirani wetu ili waondolewe kama doa kwenye nguo, ni Kiswahili safi. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano iliorodhesha neno hilo miongoni mwa maneno ya chuki. Hatujasikia mtu akipendekeza Kiswahili kipigwe marufuku.

Aidha, tumekwisha kuona kunyamazisha kunazaa nini. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa na nchi ikaanza kuwaka, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Je, uvumi ulinyamaza? Uliingia kwenye arafa za simu, ukapita usiku kutoka mkono hadi mkono, na hapakuwa na mtangazaji yeyote wa kuukanusha.

Wengi wenu mlikuwa hapa, na hatuna haja ya kuwasimulia. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, liliteketezwa na watu waliokimbilia ndani yake, wengi wao wanawake na watoto. Katika Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, Eldoret, marehemu Askofu Cornelius Korir aliwapokea maelfu ya watu wasio na pa kulala. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyotoa ripoti yake Oktoba 2008, ilihesabu waliokufa kuwa 1,133. Tume hiyo ilisikia mashahidi waliosema kwamba baadhi ya redio za lugha za mama, hasa vipindi vya kupiga simu, zilikuwa zimewasha na kuchochea. Tuongeze kwa haki kwamba redio hizohizo, na magazeti pia, baadaye zilihubiri amani. Tarehe 3 Januari 2008 magazeti makubwa ya nchi yalitoka na kichwa kimoja cha habari cha kuiombea nchi iokolewe.

Mnajua pia kesi iliyopelekwa The Hague. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alishtakiwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai pamoja na William Ruto. Kesi ilianza kusikilizwa Septemba 2013, na tarehe 5 Aprili 2016 majaji kwa wingi wao waliyafuta mashtaka kabla ya upande wa utetezi kutakiwa kujibu. Kwa hiyo mtu huyo hana hatia mbele ya sheria, na yeyote anayemwita mwuaji hadharani anatenda kosa lilelile tunalolilaumu leo. Lakini tuliona ajabu jinsi habari hiyo ilivyopokewa huku. Watu walishangilia kana kwamba mahakama imetamka kwamba maneno ya redio hayaui. Mahakama haikutamka hivyo. Ilisema tu kwamba ushahidi ulioletwa mbele yake dhidi ya watu wale wawili haukutosha. Wale 1,133 hawakufufuka siku hiyo.

Kule Arusha, mahakama iliyoundwa kwa ajili ya Rwanda ilikuwa imekwisha kuamua vingine katika kesi nyingine. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, waasisi wa RTLM, pamoja na Hassan Ngeze, mwenye gazeti la Kangura. Katika rufaa, Novemba 2007, baadhi ya makosa yaliondolewa na adhabu zikapunguzwa, lakini hawakuachiliwa. Hakuna aliyesema kwamba Nahimana alishika panga. Alikuwa mwanahistoria, mtu wa chuo kikuu.

Na wasikilizaji wake walikuwa akina nani? Ndugu zetu, wengi wao walikuwa Wakatoliki. Rwanda ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zenye Wakatoliki wengi kabisa kwa kulinganisha na idadi ya watu wake. Walikuwa na rozari. Walikuwa na jumuiya. Walikuwa na wasomaji wa somo la kwanza.

Msidhani kwamba mapadri tumesimama pembeni tukiwatazama. Kati ya mabwana wakubwa wa redio ya siasa wa karne iliyopita mmoja alikuwa paroko kama sisi. Padri Charles Coughlin, mzaliwa wa Kanada, alikuwa na parokia mpya huko Royal Oak, katika jimbo la Michigan, Marekani. Wafuasi wa Ku Klux Klan walichoma msalaba kwenye uwanja wa kanisa lake, na mwaka 1926 akaanza kuzungumza redioni mjini Detroit ili kulitetea Kanisa na kuwafundisha watoto katekisimu. Nia njema kabisa! Ulipokuja mdororo mkubwa wa uchumi alianza kuwatetea maskini dhidi ya mabenki, na mamilioni wakamsikiliza kila Jumapili. Barua na fedha zilimiminika. Alimuunga mkono Rais Roosevelt, kisha akamgeukia. Mwaka 1936 alisaidia kuanzisha chama chake. Baada ya hapo ulimi ukaendelea kuteleza. Mwaka 1938 gazeti lake lilichapisha ule uzushi maarufu dhidi ya Wayahudi, na Novemba mwaka huohuo, siku chache baada ya masinagogi kuchomwa Ujerumani, yeye alikwenda hewani na kuwatupia Wayahudi wenyewe lawama. Kituo kimoja cha New York kikakataa kuendelea kumtangaza. Mwaka 1940 alikuwa amekwisha kutoka hewani, na mwaka 1942 Askofu Mkuu Edward Mooney wa Detroit alimwamuru aache siasa kabisa. Akatii, na akabaki paroko wa kanisa lilelile hadi alipostaafu mwaka 1966.

Tunaisoma habari yake kwa hofu. Alianza kwa msalaba uliochomwa, yaani kwa dhuluma ya kweli aliyotendewa. Karibu kila chuki ya redioni huanza hivyo: na jambo la kweli, ardhi iliyochukuliwa kweli, kazi iliyonyimwa kweli, basari iliyoliwa kweli mahali fulani, mwaka fulani. Kisha hutafutwa mtu wa karibu wa kubebeshwa.

Nasi wenyewe? Mwaka 2017, kabla ya uchaguzi, tulialikwa kwenye kituo kimoja kuzungumza juu ya amani. Tulipewa chai na mandazi, tukaketishwa mbele ya kipaza sauti, na tukiri kwamba tulifurahi kuona majirani watatusikia. Katikati ya kipindi msikilizaji alipiga simu akashukuru kwa mahubiri, kisha akasema kwamba amani itakuja magugu yakishang'olewa shambani. Mtangazaji alicheka. Tulijua maana ya neno lile. Kila mtu aliyekuwa akisikiliza alijua. Tulinyamaza kwa muda wa pumzi moja, halafu tukaendelea kuzungumzia umuhimu wa sala katika familia. Tumeungama jambo hilo, lakini hatukuwahi kulisahihisha pale tulipolitenda, na ndiyo sababu mojawapo ya kuandika kwa ukali leo.

Turudi kwenye amri ya nane. Wengi hudhani kwamba inakataza tu kusema uongo mahakamani. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inatenganisha makosa matatu. La kwanza ni hukumu ya haraka: kuamini moyoni, bila msingi wa kutosha, kwamba mwenzako ametenda kosa. La pili ni kufichua kosa la kweli la mtu mbele ya wasiolijua, pasipo sababu ya haki. La tatu ni kumsingizia kwa maneno yasiyo kweli. Mnaona ubaya wa asubuhi ile? Mzee wetu alitenda la tatu. Waliopiga simu baada yake walitenda la tatu pia. Lakini ninyi na sisi tulioketi tukikoroga chai na kutikisa kichwa, tukisema "hata mimi nilikuwa namshuku", tulitenda la kwanza bila kufungua kinywa. Tulifanya hivyo maelfu kwa pamoja, kwa wakati mmoja, na hilo ndilo jambo ambalo umbea wa kisimani haukuweza kulifanya.

Wako wanaojitetea kwamba kulichunguza jambo la umma si kusengenya. Ni kweli. Katekisimu hiyohiyo inasema jamii ina haki ya kupewa habari zilizosimama juu ya ukweli, uhuru na haki, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la Desemba 1963 kuhusu vyombo vya mawasiliano, ulisema jambo la namna hiyo. Anayejua kwamba fedha za basari zimeibwa ana wajibu wa kusema. Basi aseme: nani, lini, kiasi gani, karatasi iko wapi, na jina langu mimi ninayesema ni hili. Katiba ya mwaka 2010 inamlinda katika kifungu cha 33. Kifungu hichohicho kinasema wazi kwamba uhuru huo hauwahusu wachochezi wa ghasia wala wenye kueneza chuki, na Sheria ya Uwiano ya mwaka 2008 imeweka faini ya hadi shilingi milioni moja au kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Lakini tumechoka kuwatajia watu polisi. Mkristo aliyepokea Mwili wa Kristo Jumapili asingoje mtu wa Tume ya Uwiano kumwambia kwamba jirani yake si gugu.

Kuna jambo moja zaidi ambalo Katekisimu inalidai, katika namba 2487, nalo ndilo gumu. Aliyeharibu sifa ya mtu anadaiwa kuirudisha. Msamaha wa kitubioni haufuti deni hilo. Ukimwibia mtu ng'ombe, hupati amani kwa kusali Salamu Maria tatu huku ng'ombe akiwa bado zizini kwako. Na sifa iliyoharibiwa mbele ya watu elfu hairudishwi kwa kumnong'oneza mwenyewe sikioni nyuma ya kanisa.

Watangazaji nao hatuwaachi, maana baadhi yao ni wanaparokia na husoma ukurasa huu. Tunajua mishahara ni midogo na wawakilishi wa vituo huku mashinani hulipwa kwa habari moja moja, ikiwa wanalipwa. Tunajua kwamba baada ya mkutano wa mwanasiasa hupita bahasha, na tunajua ina jina la heshima: "nauli". Novemba 2024 Jimbo Kuu la Nairobi lilirudisha fedha ambazo Rais na gavana walikuwa wametoa kanisani Soweto. Tulipiga makofi sote, na watangazaji walipiga makofi kwa sauti kubwa kuliko sisi. Basi tunawauliza kwa upendo, bahasha zenu zilirudishwa lini? Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Bahasha zitanenepa, na maneno ya mafumbo yatarudi hewani.

Tumekubaliana na halmashauri ya parokia mambo machache. Tume yetu ya Haki na Amani itakiandikia kituo hicho barua, yenye majina na sahihi zetu, kuomba orodha ya basari isomwe hewani katika kipindi kilekile, saa ileile. Wasipojibu katika siku ishirini na moja, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Malalamishi ya Baraza la Vyombo vya Habari, kama raia yeyote anavyoruhusiwa. Jumuiya mbili ambazo zimeacha kusali pamoja tangu Jumanne ile zitakutana nyumbani kwa mwalimu, na sisi tutakuwapo. Wengine walipendekeza mahali pengine, "pasipo na upande". Tulikataa. Paa lililopigwa mawe ndilo tutakaloketi chini yake.

Kuhusu mzee wetu, halmashauri iligawanyika. Baadhi walitaka aondolewe mara moja kwenye zamu ya wasomaji. Mmoja alisema, na hatukuwa na jibu, kwamba tukimwondoa aliyepiga simu itatubidi tuwaondoe wote waliofurahia kusikiliza, na hapo tutasoma masomo sisi mapadri peke yetu, ikiwa sisi wenyewe tutabaki. Sisi tulimwambia mzee jambo moja tu, palepale ofisini Jumatatu: apige simu tena. Kipindi kilekile, namba ileile, na safari hii ataje jina lake na la kijiji chake, aseme kwamba alisema asilolijua. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Padri, watanicheka." Tukamwambia kwamba ndiyo, watamcheka.

Zimepita asubuhi nne. Kila asubuhi tumewasha redio saa kumi na mbili na kuiacha hadi saa nne, hata Alhamisi ambapo ilitupasa kuwa kwenye mazishi mapema. Hajapiga bado. Zamu yake ya kusoma ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, na orodha kwenye mlango wa sakristia hatujaibadilisha.

Wazazi wa watoto wa Kipaimara tukutane Jumapili baada ya Misa ya pili, katika ukumbi mdogo. Mje na vyeti vya ubatizo.

Paroko wenu